Kitanda cha Kuzalia Hakitoki Karwenyi

Kijiji cha Karwenyi,
Nakivale, Uganda.
Jumapili, tarehe 1 Septemba 2013.

Mpendwa mdogo wangu Léopold,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wifi yangu Benitha na watoto wote. Mu wazima? Lile goti lako lililokuwa linavimba wakati wa baridi limetulia? Umwambie Benitha picha ilifika. Watoto wamenenepa mpaka majirani wanauliza huko Kanada mnawapa nini. Nami nikawajibu kwamba ni damu ya kwetu Lemera, kule Kongo, baridi haiwezi kuishinda.

Sisi hatujambo. Shemeji yako Néhémie anakohoa kwa ajili ya vumbi la soko la Base Camp, lakini cherehani yake bado inazunguka, na wateja wake bado wanamdanganya kwamba watalipa Jumamosi. Mpwa wako Pascaline ana mimba ya miezi saba. Miguu imemvimba na amekuwa mkali kama mimi. Anakula udongo wa ukutani, kama mama yetu alivyofanya alipokuwa na mimba yako. Mvua imeanza kidogo kidogo na maharage tumeshapanda.

Sasa nije kwenye lile linalokuchoma. Siku ile uliponipigia simu uliniuliza mara tatu kama nilikuwa mgonjwa Jumanne. Nilisema hapana mara tatu, kisha simu ikakatika. Sijui kama dakika zilikwisha au wewe ndiye uliyekata. Mimi naamini ulikata. Ndiyo maana nimechukua kalamu, maana barua huwezi kuikata katikati. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini soma kwanza mpaka mwisho.

Ni kweli, tarehe 20 Agosti sikwenda Mbarara kwenye mahojiano ya safari ya kuja huko Kanada. Gari lilikuja Base Camp saa kumi na mbili asubuhi, likaita jina langu, likaondoka bila mimi. Najua umejaza karatasi zile kwa miaka minne, umeandika barua kwa wachungaji na wabunge wa huko, na wifi yangu amefanya kazi za usiku ili mwonekane mnaweza kutupokea. Yote hayo nayajua. Nilikuwa nayafikiria tangu alfajiri, na bado sikwenda.

Unakumbuka tulipohamishwa kutoka kijiji cha Kashojwa kuja huku mlimani? Hapakuwa na kitu. Kutoka hapa mpaka kituo cha afya cha Base Camp ni saa tatu kwa miguu ukiwa mzima, na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa si mzima. Mwaka ule wa kwanza mke wa Habiyaremye, jirani yetu, alijifungulia njiani katikati ya majani. Mimi ndiye niliyekata kitovu, kwa wembe wa Néhémie wa kufumulia nguo. Mtoto aliishi. Mama yake alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na damu ile sikuweza kuitoa kwenye kitenge mpaka nikakichoma. Hili sikuwahi kukuandikia.

Baadaye serikali ikatuletea zahanati, yenye chumba kimoja cha kuzalia, kitanda kimoja na muuguzi mmoja anayeitwa Yudita. Yudita ni Mnyankore, mwenyeji wa huku, mwanamke mnene, ana sauti ya kufokea ng'ombe. Atakugombeza mpaka utoe mtoto kwa hasira tu. Lakini tangu aje, miaka minne sasa, hakuna mwanamke wa Karwenyi aliyekufa akizaa. Hata mmoja, Léopold. Na si wakimbizi peke yetu tunaozalia pale, maana wanawake wa Uganda wa vijiji vya jirani wanapanda mlima huu huu.

Mwezi wa saba habari ikaja kwamba serikali imepunguza fedha za afya. Zahanati ndogo zitapoteza vyumba vya kuzalia, wauguzi watahamishwa, na vitanda vitachukuliwa. Walisema wataanza na zile zenye wazazi wachache. Sisi hatukuogopa, maana kwetu Yudita hapati hata nafasi ya kunywa chai. Hapo ndipo alipokuja bwana mmoja wa ofisi ya afya, jina lake Kizito, akafungua kitabu cha Yudita cha mwaka uliopita. Akakuta watoto mia mbili na kumi na mmoja, na kati yao mia na arobaini hawana jina. Sehemu ya jina ilikuwa tupu. Yudita alikuwa ameandika tu: mtoto wa Mutesi, mtoto wa fulani, kilo, saa, basi.

Bwana Kizito akasema hao ni watoto hewa. Kwamba Yudita amewatunga ili chumba chake kisifungwe. Akaandika kwenye ripoti yake kwamba Karwenyi ina wazazi sabini na mmoja kwa mwaka, na kwamba muuguzi ahojiwe kwa udanganyifu.

Sasa fikiri kidogo, wewe mtoto wa Lemera. Nani kwetu anampa mtoto jina siku anapozaliwa? Kitovu hakijaanguka, mtoto hajatolewa nje kuonyeshwa jua, wazee hawajakaa, jina linatoka wapi? Kila mara Yudita alipotuuliza jina tulimjibu bado. Siku ya nane tulimtoa mtoto nje, tukala, tukaimba, jina likatoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kurudi zahanati kulipeleka. Wanawake wa Uganda wengi wanatoa jina la dini hapo hapo kitandani, kwa hiyo wao wakahesabiwa. Sisi tukawa hewa. Kosa lilikuwa letu, sikatai, lakini ambaye angelilipia ni Yudita. Na kwenye karatasi za mgao wa chakula watoto wetu wote wana majina! Tulipomwambia hivyo bwana yule, alisema hiyo ni ofisi nyingine. Nimejifunza kwamba ofisi hazisalimiani.

Ndipo nilipokupigia simu ile ya mwezi wa saba kukuomba shauri, nawe ukaniambia ninyamaze, kwamba mimi ni mkimbizi, serikali hii si yangu, na kelele zitaharibu faili. Nilikusikia. Nilinyamaza siku nne nzima, na Néhémie ni shahidi wangu, alidhani nina malaria.

Siku ya tano tulikwenda Mbarara wanawake watatu, kwenye ofisi ile. Tulikaa kwenye benchi kutoka asubuhi mpaka saa nane. Kijana wa mlangoni alijifanya hasikii Kiswahili chetu. Pembeni yetu alikaa mama mmoja, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, aliyekuja kwa shida zake. Alitusikiliza, kisha akasimama akagonga meza ya yule kijana. Akamwambia: "Wewe, hawa wamama hawajaiba kitu. Wanasema kwao jina ya mtoto inakuja nyuma, siku ya nane. Sasa wewe unawakalisha hapa kama wezi, sababu ya nini? Ingia ndani, mwambie mukubwa wako." Yule kijana aliingia mbio. Hata jina la mama yule sikulipata, namwombea mpaka leo.

Tulionana na Bwana Kizito kwa dakika tano. Si mtu mbaya. Ana macho ya mtu asiyelala na meza yake imefunikwa na karatasi za kufunga hiki na kile. Alisema maneno ya benchini hayawezi kuingia kwenye ripoti. Alisema gari litakuja Karwenyi Jumanne tarehe 20 Agosti kuchukua kitanda na vyombo, na kama tuna ushahidi tumwonyeshe siku hiyo. Nikamwambia atauona, na utakuwa na miguu.

Niliporudi nyumbani nikakuta Néhémie ameshika karatasi kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai. Ilikuwa miadi ya mahojiano yetu. Mbarara, Jumanne, tarehe 20 Agosti. Léopold, nilikaa chini kwenye mlango wa jikoni nikalia. Nakuambia ili usidhani nilichagua nikicheka. Nilikwenda Base Camp kuomba wabadilishe siku, wakasema haibadilishwi. Nilitafuta mwanamke mwingine wa kuongoza wenzake, kila mmoja akaangalia chini. Walisema wenye faili wakigombana na serikali hawasafiri. Maneno yale yale yako. Nami nikatazama tumbo la Pascaline, nikafanya hesabu ya miezi, nikaona kwamba kitanda kikiondoka mwezi wa nane, mwanangu atazaa mwezi wa kumi na moja, na mvua itakuwa imekata barabara. Ungenichagulia nini wewe?

Jumanne ile tulikuwa zahanati tangu saa moja asubuhi. Nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba siku sita, nikisema neno moja tu: aliyezaa pale alete mtoto wake. Walikuja! Walikuja wakitembea, wakibebwa mgongoni, wakivutwa sikio. Wanawake wa Uganda nao walikuja na watoto wao, ingawa hao walishahesabiwa. Uwanja wa zahanati ulijaa kelele na kamasi. Gari la ofisi lilipofika, dereva alizima injini mbali, akadhani kuna msiba.

Bwana Kizito akashuka. "Hii watoto ote walizaliwa hapa?" akauliza.

Nikamjibu: "Hao ndio hewa yako. Fungua kitabu, papa. Kalamu iko?"

Yudita akaleta kitabu akaanza kusoma, ukurasa kwa ukurasa, na sauti yake ile. Mtoto wa fulani! Mama anakuja mbele, anamweka mtoto juu ya meza, anasema jina, na Bwana Kizito anaandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye nafasi iliyokuwa tupu. Mwanzoni alikuwa anaandika haraka haraka kama mtu anayefukuza nzi. Mtoto mmoja wa kiume alimshika tai akagoma kuiachia. Watu walicheka, hata yeye alicheka.

Yudita akasoma: "Mtoto wa Mutesi, msichana, kilo tatu."

Mutesi akaja mbele mikono mitupu. Sisi tulijua kisa chake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia abaki nyumbani. Akasimama mbele ya meza akasema: "Ule alikufa, alikuwa na miezi tano, malaria. Lakini alizaliwaka hapa, si hewa. Jina yake ni Furaha. Umuandike."

Bwana Kizito aliinua kalamu, akamtazama, akauliza kwa sauti ya chini jina linaandikwaje. Mutesi hajui kuandika, kwa hiyo nilimtajia mimi herufi moja moja. Aliandika polepole. Baada ya hapo hakuharakisha tena kwa mtoto yeyote. Mimi niligeuka nikapangusa macho kwa kitenge, nikawagombeza watoto waliokuwa wakipigana nyuma, maana nilihitaji kumgombeza mtu.

Mpaka saa saba mchana majina mia na ishirini na nane yalikuwa yameandikwa. Waliobaki wamehama, au wamerudi Kongo. Akafunga kitabu akasema: "Mama, kitabu ni ya ukweli, nimeona na macho yangu. Nesi hana kosa, hiyo nitaandika. Lakini kitanda iko kwa orodha. Oda ilitoka juu. Mimi nafanya kazi tu." Akawapa ishara dereva na wanaume wawili aliokuja nao waende kukibeba.

Kumbe hata ukweli ukishaandikwa na mkono wake hautoshi! Tukakaa mlangoni, wote, tukiwa na watoto mapajani. Nikamwambia: "Hatutoke hapa. Mutapita juu yetu? Mupite." Wale wanaume walisimama wakatazamana. Mmoja wao alikuwa wa kijiji cha jirani, na mke wake alikuwa amekaa pale pale kwenye kizingiti akimkodolea macho. Nadhani jioni ile hakupewa chakula.

Kisha nikasikia sauti ya Pascaline ikitoka ndani. Naapa sikumtuma. Alikuwa amepita mlango wa nyuma akapanda kitandani na tumbo lake lote, amelala chali. "Muache bapite, mama," alisema. "Babebe. Babebe kitanda na mimi juu, banipeleke Mbarara nizalie ku meza ya ule mukubwa."

Bwana Kizito alichungulia ndani, akamwona, akarudi nyuma. Alikwenda nyuma ya gari na simu yake. Alizungumza muda mrefu, mara anapandisha sauti, mara anaishusha, na neno tulilolisikia mara nyingi ni "watoto". Aliporudi akaomba karatasi. Aliandika kwamba kitanda na muuguzi vinabaki Karwenyi mpaka mwisho wa Juni mwaka ujao, na kwamba bajeti ya mwaka unaofuata itazungumzwa mwezi wa tatu huko Mbarara, na wanawake wa Karwenyi watume watu wawili kusema. Akasema anahitaji jina la mwenye malalamiko, pamoja na namba ya kadi ya ukimbizi kama ni mkimbizi.

Wengine wakaanza kufunga watoto mgongoni waondoke. Unajua woga ule, tumekua nao. Jina kwenye karatasi ya serikali ni kitu ambacho watu wetu wamelipia sana. Nami nilijua gari la asubuhi limeshaondoka bila mimi, na sauti yako kichwani ikisema faili, faili. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu lote na namba ya kadi, kwa herufi kubwa ili asiseme hakusoma. Aliyefuata ni Mutesi, kwa dole gumba. Mpaka jioni tulikuwa arobaini na wawili.

Juu ya mahojiano. Néhémie alikwenda peke yake, amevaa koti lake la kuhubiria. Nilimwambia aseme nina homa. Unamjua huyu mume wangu, uongo unamshinda kama pombe inavyomshinda. Walipomuuliza mwenye faili yuko wapi, alijibu: "Iko ku materinite, anazuia kitanda kisibebwe." Anasema yule msichana wa ofisi aliandika hivyo hivyo. Wametuambia faili haikufa, imekwenda chini ya nyingine, tungoje. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa mitatu.

Nakuomba radhi kwa jasho lako na la Benitha, kwa moyo wangu wote. Kwa Jumanne siombi radhi. Unaniambia nije huko ambako mwanamke akishikwa na uchungu gari linakuja mlangoni. Nataka kuja, sijifichi. Nataka kukuona kabla sote hatujawa wazee wa kuongozwa mkono. Lakini hata huko kwenu mtu alikaa mlangoni siku moja akakataa, ndiyo maana gari linakuja. Mimi sijui jina lake, ila najua hakunyamaza.

Sasa tumeweka desturi mpya. Siku ya nane, mtoto akishatolewa nje na jina likishatoka, kabla ya kula, mama anapelekwa kwanza kwa Yudita jina liandikwe, na wageni wanasubiri chakula. Mchungaji alinung'unika kwamba wali unapoa. Nikamwambia wali utapashwa moto.

Mkutano wa bajeti ni mwezi wa tatu, na mmoja wa wale watu wawili ni mimi. Wameshaanza kusema fedha hakuna, nasi tumeshaanza kukusanya majina ya mwaka huu. Ofisi ya safari ikiniita tena nitakwenda, nimeoga, nimenyoosha kitenge. Lakini tarehe hizo mbili zikigongana tena, usinipigie kuuliza niko wapi.

Néhémie anakusalimu. Mutesi anakusalimu ingawa hajakuona. Yudita naye anasema, ukituma picha nyingine usimsahau, amempenda mtoto wako mdogo. Nawe utusalimie Benitha, uwabusu watoto mmoja mmoja, usiwajumlishe.

Jambo la mwisho linatoka kwa Pascaline. Anasema mjomba ndiye atakayetoa jina la mtoto. Nilimwambia labda mjomba bado ana hasira, akajibu kwamba hasira si kitu, jina hata likitoka kwa hasira linaandikika. Basi mwezi wa kumi na moja simu ikilia, usikate. Utupe jina, nasi tutalipeleka kwenye kitabu siku hiyo hiyo.

Mungu awafunike na awapashe moto katika baridi hiyo.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa nikupendaye, ambaye jina lake ni la kwanza kwenye karatasi ya Bwana Kizito,

Apolline